Diwani Aliyetoka na Kiti

Ofisi ya kata yetu ilikuwa na mabenchi matatu, meza moja, na taipureta yenye herufi R isiyoshuka mpaka uigonge mara mbili. Kiti kilikuwa kimoja tu, nacho hakikuwa mali ya ofisi. Kilikuwa cha Diwani. Alikileta mwenyewe siku ya kikao, kimefungwa kwa mpira nyuma ya baiskeli, miguu ikitazama juu. Kikao kikiisha, alikifunga tena akaondoka nacho. Kilikuwa kiti cha mninga, kizito, na kwenye kile kimlima cha kutoka kwake ilibidi ashuke akokote baiskeli. Watu walimwambia akiache tu pale ofisini. Alisema kiti kikilala ofisini kesho kutwa kitaandikwa namba ya serikali, na yeye hataki kuja kubishana na mtunza stoo juu ya kiti cha baba yake.

Nilikuwa karani wa kata hiyo karibu miaka yote ya tisini. Wakati huo Mpanda tulikuwa bado chini ya Sumbawanga, na kata yetu ilikuwa nje kidogo ya mji, ukishapita Nsemulwa. Kazi yangu ilikuwa kuandika mihtasari, kupiga chapa barua na kuwaambia watu kwamba mhusika hayupo. Jina la Diwani sitaliandika. Wajukuu zake wapo, wengine tunasalimiana sokoni, na hata yeye mwenyewe hakuna mtu aliyemwita kwa jina isipokuwa dada yake. Sisi tulimwita Diwani, na alipoacha udiwani tuliendelea kumwita hivyo hivyo.

Kabla ya ajenda yoyote, akishafungua kikao cha kamati ya maendeleo ya kata, aliinua kichwa akauliza, "Nani ana jambo lake humu?"

Wageni hawakuelewa swali hilo. Wenyeji tulilielewa vizuri mno. Kama shamba lako linapakana na barabara inayozungumzwa, una jambo lako. Kama mkweo anaomba kibanda gulioni, una jambo lako. Mwenye jambo lake anasema mwenyewe, anaandikwa, halafu anatoka nje, anakaa chini ya upenu akitazama barabarani mpaka aitwe. Na huko nje hakuna ruhusa ya mtu kumsemesha, hata kwa ishara, mpaka ajenda iishe. Wajumbe wengine walikalia matofali yaliyopangwa ukutani. Diwani alipokuwa na jambo lake, alibeba kiti chake cha mninga akatoka nacho, na mwalimu mkuu akashika uenyekiti.

Sasa, kata yenyewe ndogo, watu wameoana mpaka hujui nani si shemeji yako. Siku ya ajenda ya njia ya kupitishia ng'ombe, walitoka wajumbe wote wenye mifugo, wakatoka wote wenye mashamba, tukabaki ndani mimi na mwalimu mkuu, ambaye alibaki kwa sababu alikuwa mgeni kutoka Iringa na hana hata kuku. Ajenda ikaahirishwa. Ikaahirishwa tena. Ng'ombe wakaamua kujichagulia njia wenyewe, na wanaipita mpaka leo.

Mbele ya ofisi palikuwa na duka la Mwislamu mmoja mzaliwa wa Majengo, mtu wa maneno. Akimwona Diwani amekaa nje, hakosi la kusema. Yeye hakuwa mjumbe, kwa hiyo ile amri ya kutosemesha alijifanya haijui.

"Diwani, leo umetolewa nje kwa kosa gani?"

"Sina kosa. Nina jambo langu."

"Basi njoo ukae kwangu kivulini, jua hilo litakuua."

"Kwako siwezi. Wewe nawe una jambo lako mwezi ujao."

Na kweli mwezi uliofuata lilikuwepo ombi la leseni yake.

Alikuwa mrefu, mwembamba, kola ya shati imefungwa mpaka juu hata mwezi wa kumi, wakati Mpanda joto linakufanya uchukie nguo. Hakupokea soda ya mtu mwenye shughuli na ofisi. Jogoo aliyeletwa kwake na mama mmoja wa Kisukuma, kwa sababu tu alimsaidia kusoma barua, alimrudisha yeye mwenyewe kwa baiskeli, jogoo akiwa amefungwa pale panapokaa kiti, analalamika njia nzima. Udhaifu wake ulikuwa asali. Dada yake alimletea galoni kutoka Inyonga kila msimu, na wiki hiyo Diwani alichelewa vikao na alifika na kidevu kinanata. Asali ya dada aliila bila wasiwasi. Asali ya mtu mwingine hakuigusa, na ulimwona kabisa anavyoumia kuitazama.

Watu wa nyumbani kwake waliipata joto ya jiwe. Mwanawe wa kwanza aliitwa kwenye mafunzo Tabora, akahitaji barua ya utambulisho yenye sahihi ya Diwani. Diwani akakataa kutia sahihi, eti baba hawezi kumtambulisha mwanawe. Kijana akaambiwa amsubiri mwalimu mkuu, mwalimu mkuu yuko Sumbawanga kwenye semina, na treni ya Tabora haimsubiri mtu. Nafasi ikapita. Mke wa Diwani, mama mpole ambaye sauti yake huisikii mpaka usogee, aliniambia siku moja tukichambua mchicha, "Huyu mtoto angezaliwa nyumba ya jirani, angepanda treni." Nilijua ana haki, na nilijua pia kwamba mimi huyo mzee nampenda.

Lingine lake lilikuwa mashine ya kusaga. Wakati huo kata nyingi zilibandika mihtasari kwenye ubao wa ofisi, pale pale ambapo hakuna anayefika. Diwani alisema wenye kata ni wale wanaosubiri unga. Kwa hiyo kila baada ya kikao, Jumamosi asubuhi, nilikwenda mashineni kusoma mbele ya foleni ya akina mama na madebe yao. Mwendesha mashine hakukubali kuzima injini hata siku moja, kwa sababu ile injini kuiwasha tena ni kazi ya wanaume wawili na matusi. Nilisoma kwa kupiga kelele, nywele zimejaa unga. Yule mama wa jogoo alisimama pembeni yangu akiwatafsiria wenzake kwa Kisukuma, naye sauti yake ilishinda injini bila jasho.

Ndani ya mihtasari hiyo kulikuwa na mstari ambao Diwani alitaka usikosekane: "Diwani alitangaza jambo lake, akatoka nje." Ilibidi niupigie mstari chini. Mwanzoni nilidhani ni utaratibu. Baadaye, akija mashineni akasimama nyuma ya watu, niligundua kwamba mstari huo ukisomwa hunyoosha shingo kidogo, na akina mama wakigeuka kumtazama hujifanya anafuta miwani. Niliona ni haki yake. Mtu ambaye hali jogoo wa watu anastahili kufurahia kitu.

Basi tufike kwenye bomba.

Mradi wa maji ulituletea mabomba ya kutosha kituo kimoja cha maji katika mtaa wetu wa mteremkoni. Fundi wa maji alikuja kupima. Alikuwa kijana mkimya, mwenye mpira mrefu unaoonyesha ndani, anaujaza maji, mtu mmoja anashika ncha ya juu na mwingine ya chini, wanaangalia maji yanasimama wapi. Alipima siku mbili. Halafu akapigilia kigingi nje ya ua wa Diwani, upande wa barabara, akatuambia tuliokuwepo, Diwani hayupo, kwamba maji yatafika hapa kwa nguvu na kila mtu atachota. Juu ya hapo, karibu na shule, hayapandi.

Mimi niliishi kule juu. Mama yangu alikuwa ameshahamia kwangu kutoka Usevya baada ya baba kufariki, na mimi nikiwa kazini yeye ndiye aliyekwenda kuchota kwenye kisima cha bondeni, mwendo wa kushuka na kupanda, ndoo kichwani, shingo yake ya mtu wa makamo. Bomba likiwekwa kwenye kile kigingi, mama angetembea dakika chache tu. Nilihesabu hatua mwenyewe jioni ile.

Siku ya kikao Diwani aliuliza swali lake, halafu akalijibu mwenyewe. "Hili ni langu. Kigingi kiko mbele ya ua wangu." Akanyanyua kiti. Alipofika mlangoni akageuka, kiti kiko begani, akasema, "Ila kwangu, hapana." Akatoka, akakaa, akatazama barabara.

Nilisoma barua ya fundi ndani ya kikao. Iliandikwa wazi kabisa: juu ya alama hii maji hayatapanda, hasa kiangazi. Wajumbe walitazamana. Mmoja akasema, "Diwani ameshakataa, sisi ni nani?" Mwingine akasema tukimwekea bomba mbele ya ua wake watu watasema tumejipendekeza. Mwalimu mkuu alijaribu kuirudia ile barua, akaona nyuso, akaacha. Wakapitisha liwekwe shuleni. Kupitia dirishani nilikiona kisogo cha Diwani, kama hatua nne kutoka nilipokaa. Ningeweza kutoka nimwambie, Mzee, kuna barua. Lakini aliye nje hasemeshwi, na aliyeweka sheria hiyo alikuwa yeye. Nikaandika, "Kamati imeridhia." Akaitwa, akasomewa uamuzi tu, akatikisa kichwa kwa kuridhika, tukaenda ajenda nyingine.

Bomba lilijengwa shuleni kwa saruji nzuri. Masika lilidondosha. Kiangazi likakauka kabisa, watoto wakawa wanalitumia kama goli. Diwani akakasirika. Katika kikao kilichofuata akaagiza iandikwe kwamba fundi alipima vibaya. Nikaipiga chapa, R mara mbili mbili, nikaenda mashineni nikaisoma kwa sauti mbele ya akina mama wote, mimi mwenyewe, na barua ya fundi iko kwenye faili langu. Fundi alikuwepo siku ile, alikuja kusaga. Alibeba debe lake akatoka. Mwezi huo huo aliomba uhamisho, akaondoka kwa treni ya Tabora.

Nilijichukia. Naliandika hivyo hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Kiangazi cha kwanza kikapita, kikaja cha pili. Mama alianza kulala na kitambaa cha moto shingoni. Na kilichonimaliza kabisa ni kwamba kule bondeni, kwenye foleni ya kisima, yeye ndiye aliyekuwa akimtetea Diwani. "Nyie semeni," aliwaambia wenzake, "lakini angetaka angejiwekea uani kwake. Ni Diwani gani mwingine angekataa?" Anarudi nyumbani anatua ndoo, ananisimulia hayo, na mimi nakoroga uji.

Kipindi chake kilipokaribia kwisha, Diwani alisema hatagombea tena. Wiki za mwisho alikuja ofisini kupitia mafaili, ili atakayekuja asirithi fujo. Alipita faili moja moja akiwa amekaa kwenye kiti chake. Asubuhi moja akasema, "Karani, nipe la bomba."

Nilifikiria kuitoa ile barua. Mwishowe sikuitoa. Nikampa faili lote.

Alisoma, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena.

"Barua hii ilikuja lini?"

"Kabla ya kikao, Mzee."

"Ilisomwa?"

"Niliisoma mimi."

"Mimi nilikuwa wapi?"

"Nje, Mzee. Kwenye hicho kiti."

"Na wajumbe walisema nini?"

"Walisema Diwani ameshakataa."

"Nilikataa lini mimi? Si nilitoka?"

"Ulitoka. Ulipofika mlangoni ukasema, kwangu hapana."

Alitazama mlango, kama mtu anayetafuta alipodondosha ufunguo. Halafu akaniuliza kwa upole, na upole huo ndio ulionivunja, "Mbona hukuniambia, mwanangu?"

"Uliagiza aliye nje asisemeshwe."

"Siku ile, ndiyo. Na miaka miwili hii yote nilikuwa nje?"

Nikalia. Nilimwambia yote: kwamba mama yangu anachota bondeni, kwamba nilisoma kwa mdomo wangu mwenyewe kuwa fundi alipima vibaya, kwamba kila Jumamosi nilipanga kusema na kila Jumamosi nikamwona amesimama nyuma ya watu ananyoosha shingo, nikashindwa. Hilo la shingo lilinitoka tu. Nilidhani atanifukuza.

Hakunifukuza. Alikaa muda mrefu, mikono juu ya magoti, mpaka yule mwenye duka akachungulia kuona kama kuna msiba. Mwishowe akasema, "Weka karatasi kwenye taipureta." Akanitajia polepole, nami nikapiga: Siku ya ajenda ya bomba, Diwani alikuwa na mambo yake mawili. Moja ni nyumba yake, akalitangaza. La pili ni jina lake, hakulitangaza, na hilo ndilo lililoamua. Fundi alipima sawa.

"Nipige mstari chini?" niliuliza.

"Chini ya fundi," alisema.

Jumamosi alikwenda mashineni yeye mwenyewe na kile kikaratasi. Mimi nilisimama nyuma, mahali pake. Alimwomba mwendesha mashine azime injini, na yule bwana, ambaye hajawahi kuizimia mtu, akamtazama usoni akaizima. Sijawahi kusikia mashine ile imenyamaza namna hiyo mchana. Diwani akasoma. Alipomaliza, wote wakamgeukia mama wa jogoo wasikie tafsiri, naye akasita.

"Hilo la jina, baba, niwaambieje hawa?"

Diwani alifikiri. "Waambie alijipenda."

Akawaambia. Foleni nzima ikaangua kicheko, kicheko cha watu waliobeba ndoo miaka miwili na hatimaye wamejua kwa nini. Diwani aliduwaa, halafu naye akacheka, akifuta macho badala ya miwani. Hapo ndipo nilipoanza kupumua.

Kikao chake cha mwisho kilirudia ajenda ya bomba. Kabla hajatoka alibadilisha sheria yake. Mwenye jambo lake kwanza aulizwe maswali yote na ajibu. Halafu atoke bila kuacha neno nyuma. Na akirudi, asomewe kila karatasi iliyosomwa hayupo. Akabeba kiti. Alipofika mlangoni sote tulimtazama mdomo. Alipita kimya, akakaa, akatazama barabara. Ndani ilituchukua muda mfupi kuliko wa kunywa chai.

Fundi aliandikiwa barua Tabora, na Diwani aliiandika kwa mkono wake, hakutaka niipige chapa. Kijana akaja na treni, na mpira wake begani. Alipima upya kwa sababu ni mtu wa kazi, na maji yakasimama pale pale. Kigingi chake cha zamani kilikuwa bado kipo. Mke wa Diwani alikuwa amekitumia kufungia mbuzi miaka yote miwili, akasema alijua tu kuna siku mwenyewe atakifuata.

Mara ya mwisho kumwona Diwani vizuri, nikiwa na nafasi ya kumtazama, ilikuwa mwaka uliofuata, katikati ya kiangazi, asubuhi. Nilikuwa likizo, nikamsindikiza mama bombani. Diwani alikuwa nje ya ua wake, kola imefunguliwa kifungo kimoja, amekaa kwenye kile kiti kando ya foleni. Hakuwa na kazi yoyote pale. Alipomwona mama alisimama, akakisukuma kiti kwake.

"Kaa, mama. Shingo inaendeleaje?"

"Shingo imepona, Diwani. Shikamoo."

"Marahaba. Hapa niite babu tu, udiwani nilishaurudisha."

Mama akakaa, akaipapasa mikono ya kile kiti, akaangalia bomba, akaangalia kule juu tunakotoka. "Kumbe lilikuwa liwe hapa tangu mwanzo."

"Lilikuwa liwe hapa."

"Na mimi kule bondeni nilikuwa nakusifia."

"Nilikuwa nasikia," alisema Diwani. "Ndiyo maana nilichelewa kuuliza."

Mama akafanya wanavyofanya watu wa kwao Usevya wakikosa la kusema, akaanza salamu upya. Habari za mama wa nyumbani, habari za watoto, habari za dada wa Inyonga, asali imepatikana, mbuzi wanaendeleaje. Nami nilikuwa nimeshika ndoo chini ya bomba. Ilijaa kabla mama hajafika kwenye habari za wajukuu.